Nyimbo za Dunia na Roho ya Mkristu



Katika parokia zetu swali moja linarudi kila mwaka, hasa wakati wa Kwaresima na wakati wa harusi: Je, Mkristu aweza kusikiliza nyimbo za dunia bila kuiumiza roho yake? Wazazi wanaliuliza kwa ajili ya watoto wao. Wanakwaya wanaliuliza kwa ajili ya wenzao wanaopiga gita katika baa. Vijana hawaliulizi sana, maana wao wamekwisha kulijibu kwa masikio yao: simu iko mfukoni, waya ziko masikioni, na muziki unaendelea tangu asubuhi hata usiku.

Majibu mawili yanasikika. Watu wa kwanza husema: «Nyimbo za dunia zote ni mali ya shetani. Aliyebatizwa azitupe, aimbe nyimbo za Mungu tu.» Watu wa pili husema: «Wimbo ni wimbo tu. Ni kitu cha kupumzisha mwili baada ya kazi. Imani yangu iko moyoni, wimbo uko masikioni; hivyo viwili havikutani.» Majibu haya yanapingana, walakini kosa lake ni moja. Yote mawili yanamwondolea mtu kazi ya kupima. Wa kwanza hapimi, kwa sababu amekwisha kukataa vyote. Wa pili hapimi, kwa sababu amekwisha kukubali vyote. Sisi tujaribu kupima.

Kwa maneno haya «nyimbo za dunia» tunataka kusema nyimbo zote zisizotungwa kwa ajili ya ibada: nyimbo za kazi, za kubembeleza watoto, za mapenzi, za harusi, za siasa, za dansi.

I. Nguvu ya muziki

Watu wa zamani waliijua vema nguvu hii. Plato, mwenye hekima wa Ugiriki, katika karne ya nne kabla ya Kristu, aliandika kwamba malezi ya muziki yana nguvu kuliko mengine, maana mwendo wa sauti hushuka mpaka ndani kabisa ya roho na kuishika. Kwa hiyo alitaka wakuu wa mji wachague nyimbo zinazowafaa vijana. Mwanafunzi wake Aristotle alifundisha jambo lingine, nalo litatusaidia katika habari hii yote: mtu aliyezoea kufurahia mfano wa kitu, hayuko mbali na kukifurahia kitu chenyewe. Wimbo ni mfano wa hasira, wa huruma, wa tamaa, wa ushujaa. Anayeufurahia kila siku, anajizoeza.

Maandiko Matakatifu yanashuhudia vilevile. Mfalme Sauli aliposumbuliwa na roho mbaya, Daudi alikuja na kinubi chake, akapiga, naye Sauli akatulia. Nabii Elisha, alipoombwa na wafalme neno la Mungu, aliagiza kwanza aletwe mpiga kinubi. Huyo alipopiga, ndipo mkono wa Bwana ukamshukia nabii. Angalia: katika habari hizi mbili muziki unaifanyia roho ya mtu kazi fulani. Kwa Sauli unatuliza. Kwa Elisha unafungua njia.

Sisi makatekista tunaiona nguvu hii kila juma. Mtoto anashindwa kushika jibu moja la katekisimu lenye mistari miwili. Mtoto yuleyule anajua kwa moyo wimbo mrefu wa redio, mwanzo mpaka mwisho, hata akiwa hajui maana ya maneno yake. Nani alimfundisha? Hakuna. Mwendo wa ngoma, sauti inayopanda na kushuka, maneno yanayorudiwarudiwa: hivyo ndivyo vilivyomfundisha. Maneno matupu hubisha hodi mlangoni pa akili, na akili huyauliza: «Ninyi ni nani? Mmetoka wapi?» Maneno yenye muziki hupita uani. Tunapogeuka tunayakuta yamekwisha kukaa ndani na kula chakula chetu.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi nyimbo nyingi zimekaa ndani yetu siku ya tatu, na ya mia tatu. Ni haki kuziuliza: Ninyi mnalima nini humu?

II. Wimbo wa dunia si mali ya shetani

Kabla ya kuzisuta nyimbo, tuzitendee haki.

Mama anayembembeleza mtoto wake usiku mara nyingi hataji jina la Mungu. Anamtaja baba wa mtoto, anataja mtama na mbuzi, anamtisha mtoto kidogo kwa fisi. Je, anatenda dhambi? Wapiga makasia wa ziwa Tanganyika na wa mto Lualaba waliimba ili mikono yao ivute pamoja. Wanawake wanaotwanga huimba ili uzito wa mchi ugawanyike. Nyimbo hizi hazikutungwa kwa ajili ya kanisa, lakini zinatumikia upendo, kazi na umoja. Mungu, aliyetuamuru kupenda na kufanya kazi, hawezi kuzichukia.

Miji ilipokua katika nchi yetu, nyimbo mpya zilizaliwa. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, mtafiti Hugh Tracey alirekodi gita ya kijana Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Vidole vyake vilipiga sauti za chini na za juu pamoja, hata msikilizaji akafikiri kwamba wapigaji ni wawili. Hizo hazikuwa nyimbo za ibada. Lakini ufundi ule, na uvumilivu ule wa kujifunza, ni vipaji. Na kila kipaji kina mwenyewe aliyekitoa. Vilevile rumba ya Kongo, iliyozaliwa kando ya mto wetu katika miji inayotazamana, ilitiwa mwaka 2021 na UNESCO katika orodha ya urithi wa mataifa yote. Mkristu wa Kongo hana sababu ya kuona haya kwa jambo hilo.

Tena tukumbuke mambo ya Kamina. Huko Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliunda kwaya ya vijana, na mwaka 1958 wakaimba Misa iitwayo Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini, yaleyale ya Eklezia yote. Sauti zilikuwa za wenyeji. Kyrie, kwa mfano, iliimbwa kwa mtindo wa kasala, unaotumiwa na Waluba katika maombolezo. Sasa nawauliza wale wa jibu la kwanza: Ikiwa kila sauti isiyozaliwa kanisani ni ya shetani, kilio kile cha Waluba kiliwezaje kupanda altareni na kumwomba Bwana huruma? Kilipanda kwa sababu kilikuwa kilio cha kweli. Mtu aliyejifunza kumlilia baba yake aliyekufa, amekwisha kujifunza nusu ya kumlilia Mungu.

Eklezia yenyewe imesema hivyo. Mwaka 1963 Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika mafundisho yake juu ya liturujia, ulikumbusha kwamba katika nchi za misioni yako mataifa yenye muziki wao wenyewe, wenye nafasi kubwa katika dini yao na katika maisha yao, na kwamba muziki huo upewe heshima inayoustahili. Na mwaka 1988 Roma ilikubali taratibu ya Misa kwa majimbo ya nchi yetu, ambayo ngoma na mwendo wa mwili vina mahali pake ndani yake.

Hatimaye tumsikilize Bwana wetu mwenyewe. Katika mfano wa mwana mpotevu, yule kaka mkubwa anarudi kutoka shambani. Kitu gani kinamjulisha kwamba kuna furaha nyumbani? Anasikia muziki na watu wakicheza. Yezu ameweka ngoma katika nyumba ya Baba! Na anayebaki nje, amekunja uso, ni yule mtu wa haki ambaye hakuwahi kuvunja amri hata moja. Wanaochukia kila ngoma wasome tena habari hiyo polepole.

III. Lakini hakuna wimbo usio na kazi

Sasa tuwageukie wale wa jibu la pili. Injili ina ngoma nyingine. Katika karamu ya Herode binti wa Herodia alicheza, akampendeza mfalme na wageni wake. Mfalme akaapa mbele ya wote kumpa lolote atakaloliomba. Kabla ya usiku kwisha, kichwa cha Yoane Mbatizaji kililetwa katika sinia. Herode hakutaka kumwua. Maandiko yanasema alisikitika. Lakini karamu, uzuri wa mchezo, macho ya wageni, vyote hivi vilikuwa vimekwisha kumpeleka mahali ambapo moyo wake peke yake usingethubutu kwenda. Basi asiseme mtu: «Ngoma haifanyi kitu.»

Wimbo huiumiza roho kwa njia gani? Naona njia nne, na si zote zinazotajwa katika mahubiri.

Ya kwanza inajulikana: maneno machafu. Mwaka 1978 mwanamuziki Franco, mkuu wa kundi la OK Jazz, alifungwa gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Lakini tusimtazame Franco upande mmoja tu. Mwaka 1987 huyohuyo alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya ugonjwa wa SIDA, akiwaambia wakubwa kwa wadogo wajilinde, wakati ambapo wengi waliona haya hata kuutaja. Kinywa ni kimoja, gita ni moja, nyimbo ni mbili. Kwa hiyo jina la mwimbaji halitoshi kutuambia kama wimbo ni mzuri au mbaya. Ni lazima kuusikiliza wimbo wenyewe.

Ya pili ni ya hila zaidi: maneno si machafu, lakini yanafundisha upendo wa uongo. Nyimbo nyingi za mapenzi hazina neno hata moja la kumtia mtu haya. Zinasema tu, siku zote, kwamba upendo ni kushikwa. Kwamba moto ukizimika, upendo umekwisha. Kwamba asiyenipa ninachotaka hanipendi. Kijana anayeziimba miaka kumi hafanyi dhambi kwa kuziimba. Lakini siku ya kuoa, mbele ya padri, anaahidi kupenda katika taabu na raha, katika ugonjwa na afya, na ndani ya moyo wake hana wimbo hata mmoja wa kumsaidia kuelewa anachoahidi. Mkewe anapougua miezi sita, anasema: «Upendo umekwisha.» Nani alimfundisha kusema hivyo? Turudi kwa Aristotle: alizoea mfano, akakifikia kitu chenyewe.

Ya tatu ni sifa za fedha. Katika muziki wetu wa leo iko desturi inayoitwa kwa Kilingala kutupa libanga, yaani jiwe. Mwimbaji anataja jina la tajiri, la mwanasiasa au la mfanya biashara katikati ya wimbo, naye aliyetajwa hulipa. Inasikika hasa katika sebene, pale ambapo maneno ya wimbo yamekwisha, gita zinakimbia, na anayeitwa atalaku anapaza sauti kuwachochea wanaocheza. Tajiri anasikia jina lake na kufurahi. Mwimbaji naye anakula. Je, dhambi iko wapi? Labda mwimbaji ana watoto, na mimi simhukumu. Nawaza juu ya yule kijana maskini anayecheza kwa majina ya watu asiowajua. Kila usiku mwili wake unarukaruka kwa furaha kila jina la mwenye fedha linapotajwa. Hakuna anayemwuliza tajiri huyo alipataje mali yake. Polepole kijana anajifunza kwamba mtu mwenye jina ni mtu mwenye fedha, na kwamba asiye na fedha hana jina. Lakini sisi tulipewa jina siku ya Ubatizo, bure, kwa maji.

Ya nne ni wingi tu. Hata wimbo mwema, ukilia tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, unaondoa kitu ambacho roho haiwezi kuishi bila hicho: kimya. Mungu alimwendea Elia kwa sauti ndogo ya utulivu, baada ya upepo, tetemeko na moto. Mtu anayeogopa kukaa dakika tano bila muziki, yafaa ajiulize anakimbia nini. Mara nyingi anayemkimbia ni yeye mwenyewe. Na dhamiri haipigi kelele; husubiri tunyamaze ndipo iseme.

Nabii Amosi aliwasuta wakubwa wa Israeli waliolala juu ya vitanda vya pembe za ndovu, wakinywa divai, wakitunga nyimbo kwa kinubi, bila kuhuzunika kwa ajili ya maangamizi ya Yosefu, yaani ya taifa lao. Hakuwasuta kwa sababu nyimbo zao zilikuwa chafu. Aliwasuta kwa sababu ziliwazibia masikio. Neno hili latuhusu. Katika mashariki ya nchi yetu vita vimerudi mara nyingi tangu mwaka 1996, na mitaa mingi imepokea watu waliokimbia makwao. Jirani ana kilio, amefiwa na mtoto. Nyumba ya pili wamefungua vipaza sauti mpaka alfajiri, kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa. Wimbo wenyewe si mbaya. Kesho yake ungeweza kuwa furaha halali. Usiku huo ni dhambi dhidi ya upendo.

IV. Namna ya kupima

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba uzuri au ubaya wa kila tendo latazamwa mahali patatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mambo yanayolizunguka. Tendo likiharibika mahali pamoja, limeharibika. Tutumie mafundisho hayo.

Tendo lenyewe: Wimbo huu unasema nini? Unasifu nini, unacheka nini? Kama unacheka mke anayedanganywa, au unasifu wizi wa mwenye nguvu, hakuna nia njema itakayousafisha. Nia: Ninautaka kwa nini? Kupumzika, kufurahi pamoja na wenzangu, kumkumbuka marehemu mama yangu: hizo ni nia njema. Kuamsha tamaa ambayo najua tangu zamani kwamba inanishinda: hiyo si nia njema, hata wimbo ukiwa mzuri. Mambo yanayouzunguka: Ni saa ngapi, mahali gani, na nani, karibu na kilio cha nani?

Kipimo hiki ni cha kweli, lakini kina ugumu wake: muziki unapolia ni vigumu kupima. Mizani yenyewe inacheza! Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili. Alipokwisha kubatizwa huko Milano, katika mwaka 387, alilia machozi kwa kusikia nyimbo za Wakristu kanisani kwa Askofu Ambrosio, na machozi hayo yakamfaa. Miaka baadaye, akiwa Askofu Afrika, aliandika kwa unyofu kwamba mara nyingine sauti ilimgusa kuliko kile kilichoimbwa, na kwamba alilihesabu hilo kuwa kosa. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani. Alijua kwamba zinawainua walio dhaifu. Mtu yule mwenye akili kubwa namna ile hakupata sheria nyepesi. Aliendelea kuuchunguza moyo wake.

Kwa hiyo naongeza kipimo cha nne, ambacho kila mtu, hata asiyejua kusoma, aweza kukitumia: *Uupime wimbo baada ya kunyamaza.* Muziki umezimwa. Uko peke yako, njiani au kitandani. Umebaki na nini? Ukiwa umebaki na utulivu, na moyo wa kumsamehe mtu, na hamu ya kurudi kazini, na huruma kwa maskini, basi mgeni wako alilima vizuri, hata kama hakutaja jina la Mungu. Lakini ukibaki na wivu, na hasira, na kudharau nyumba yako na mke wako, na uchovu wa kusali, basi mgeni huyo amekula bure, na tena amekuibia. Bwana wetu alisema tutaitambua miti kwa matunda yake. Matunda hayaonekani wakati mti unapotikiswa na upepo; yanaonekana upepo ukiisha.

V. Mpiga gita wa kwaya

Tufanye mfano, maana mafundisho bila mfano ni kama jembe bila mpini.

Kijana mmoja hupiga gita kanisani siku ya Dominika. Jumamosi usiku hupiga gita katika baa moja ya mji. Malipo ya baa ndiyo yanayowalisha mama yake mjane na kulipa masomo ya wadogo zake. Halmashauri ya kwaya inakutana. Wengine wanasema: «Afukuzwe. Hatuwezi kuwatumikia mabwana wawili.» Kijana anajibu: «Wazee wangu, wengi wenu nawaona huko baa wakati ninapopiga.» Halmashauri inanyamaza.

Tumhukumuje? Kupiga gita ni kazi halali, kama useremala. Kulisha mama mjane ni nia njema sana. Mpaka hapa asifukuzwe. Lakini anapiga nyimbo gani? Baadhi yake ni nzuri. Baadhi zinawadharau wanawake, na watu wanaziomba kwa fedha. Hapo ndipo pa kuweka mpaka. Seremala Mkristu atatengeneza meza, kitanda na jeneza, wala hatatengeneza sanamu ya kuabudiwa. Mpiga gita Mkristu naye awe na nyimbo ambazo hatazipiga, hata akiongezewa malipo. Siku ya kwanza atachekwa. Siku ya kumi watu watajua kwamba gita hiyo ina mwenyewe.

Halafu mambo yanayomzunguka: pombe, usiku, usingizi wa Dominika asubuhi. Hapo yeye mwenyewe tu aweza kujipima, baada ya muziki kunyamaza. Akiona kwamba sala inakufa ndani yake, kwamba anakuja Misani kama mtu anayekwenda kibaruani, basi ni lazima aondoke baa, hata ikiwa ni kwa hasara. Bwana wetu hakusema kwa mchezo aliposema juu ya mkono unaomkosesha mtu. Lakini hapa neno langu ni kwa halmashauri zaidi kuliko kwa kijana. Mtume Yakobo anatuonya tusimwambie ndugu mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa kitu. Parokia inayomwambia kijana: «Acha baa,» imejifunga kumsaidia kutafuta mkate mwingine. Vinginevyo tunalinda heshima ya kwaya, na tunamwacha mama mjane alipe.

Tena tusifikiri kwamba hatari iko baa tu. Wimbo wenye jina la Yezu ndani yake waweza pia kuwa wimbo wa dunia. Kwaya inapoimba ili watu waitazame mavazi yake. Inapogombana na kwaya nyingine mpaka kutosalimiana. Inapomtaja mfadhili wake katika wimbo wa shukrani ili aongeze zawadi, hilo nalo ni libanga, ingawa limetupwa kanisani. Jambo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alilazimika kuandika barua juu ya muziki mtakatifu, kwa sababu makanisa ya Ulaya yalikuwa yamejaa muziki wa kuigizwa kutoka jumba la michezo. Mungu, kwa kinywa cha Amosi yuleyule, aliwaambia watu wake wamwondolee kelele za nyimbo zao, maana alitaka haki itiririke kama maji. Hizo zilikuwa nyimbo za hekaluni!

VI. Mashauri machache

Wazazi, msianze kwa kunyang'anya simu. Anzeni kwa kuuliza: «Mwanangu, wimbo huu unasema nini? Nieleze.» Mara nyingi mtoto mwenyewe, akilazimika kueleza maneno mbele ya mama yake, ataona haya bila kugombezwa. Tena waimbieni watoto nyimbo zenu. Nyumba isiyo na wimbo wake itakaa na wimbo wa jirani.

Vijana, wekeni kila siku saa moja isiyo na muziki: njiani kwenda shuleni au kazini, au kabla ya kulala. Msiione kama adhabu. Ndiyo saa ya kujua ni nani anayeimba ndani yenu.

Wenye sikukuu, kabla ya kufungua vipaza sauti, mtumeni mtu mmoja aulize mtaani kama kuna kilio.

Watungaji na waimbaji, tunawahitaji. Tuna nyimbo nyingi za watu wanaopendana juma la kwanza. Tutungieni za watu waliopendana miaka arobaini. Tutungieni juu ya baba anayelea watoto wa ndugu yake aliyefariki, juu ya binti aliyekataa fedha, juu ya adui wawili waliopatana. Hazitakuwa nyimbo za Misa. Zitakuwa nyimbo za dunia, ya dunia hii ambayo Mungu aliipenda hata akamtoa Mwana wake wa pekee.

Siku moja kila wimbo utanyamaza kwa ajili yetu: redio, ngoma, gita, hata kwaya. Tutabaki na kile tu ambacho nyimbo zote za maisha yetu zilikuwa zikilima ndani yetu. Mungu atujalie siku hiyo tusikie, kwa mbali, muziki katika nyumba ya Baba, na tusikae nje.